Toa Upepo Kwanza: Magurudumu ya Magari ya Jeshi Mikononi mwa Raia

Desemba 2014 jeshi la Marekani lilianza kuwauzia raia Humvee zake za zamani kwa mnada wa mtandaoni. Wafugaji, wawindaji, wakusanyaji wa magari na watu waliokuwa na hamu tu ya kumiliki gari waliloliona kwenye taarifa ya habari wakapanda dau. Hati waliyopewa wanunuzi wa mwanzo ilisema gari litumike nje ya barabara za umma. Haikusema, na hakuna hati ya mnada isemayo, kwamba gari lile limeiacha nyuma karakana yake: kizimba cha kujazia upepo, fundi aliyefunzwa ringi ile moja hadi akaijua usingizini, kitabu chenye maonyo kila baada ya kurasa mbili, na sajini wa kuhakikisha maonyo yanafuatwa.

Jambo hilo linamhusu kila anayenunua gari lililostaafu jeshini, iwe ni Humvee ya miaka ya 1980, lori la M35, Jeep ya Vita vya Pili vya Dunia au Land Rover ya jeshi la Uingereza. Injini yake fundi wa mtaani ataizoea ndani ya wiki. Breki atazielewa. Gurudumu ndilo litakalomdanganya, kwa sababu kwa macho linafanana na magurudumu mengine yote ilhali limeundwa kwa namna nyingine kabisa.

Afrika Mashariki si mgeni wa magari haya. Katika miaka ya 1970 na 1980 kampuni za Uingereza za safari za nchi kavu zilinunua malori ya Bedford yaliyostaafu jeshini, zikayafunga viti na maturubai, zikawavusha watalii Sahara na misitu ya Kongo hadi Nairobi, kisha kusini zaidi. Pancha zilizibwa palepale matopeni, abiria wakishika vyuma. Na ringi ya pete, iliyo hatari kuliko zote zitakazotajwa hapa, ingali inazunguka chini ya malori mengi ya zamani ya kanda hii. Kwa hiyo hata asiyeota kumiliki Humvee ana cha kuchukua.

Ringi ya vipande

Ringi ya gari dogo la kawaida ni kipande kimoja cha chuma chenye bonde katikati. Mdomo wa tairi, yaani ule ukingo wa ndani wenye nyaya za chuma, hutumbukizwa bondeni upande mmoja ili upande wa pili upate nafasi ya kuruka ukingo wa ringi. Jeshi lilikuwa na sababu mbili za kutoupenda utaratibu huo. Tairi lake ni gumu na nene, na askari aliyekwama porini hana mashine ya kulifungulia. Tena jeshi linataka gari liendelee kwenda hata tairi likitobolewa kwa risasi; ndani ya tairi huwekwa bangili nene ya mpira au ya chuma ya kulibeba gari kwa mwendo mfupi wa polepole, na bangili hiyo haipiti kwenye ringi ya kipande kimoja.

Ikabidi ringi igawanywe.

Namna ya kwanza ni ringi ya nusu mbili zilizobanwa pamoja kwa bolti. Jeep za kivita za Willys na Ford, ambazo ziliundwa zaidi ya 600,000 wakati wa vita, zilipata ringi ya aina hii: nati 5 za katikati zinalishika gurudumu kwenye habu, na nati 8 za duara la nje zinazishika nusu mbili za ringi. Humvee ilirithi wazo hilo. Nati 8 za katikati ni za habu. Kwenye duara la nje, ringi za kwanza zilikuwa na bolti 8, zikaja za 12, na za karibuni zina 24. Anayepewa nafasi ya kuchagua achukue za 24. Land Rover nyingi za jeshi la Uingereza za miaka ya nyuma nazo zilikuwa na ringi za nusu mbili, na huko jeshini nati za kubana nusu hizo zilipakwa rangi nyekundu. Nyekundu ilikuwa na maana moja tu: usiziguse tairi likiwa na upepo.

Namna ya pili ni ringi ya pete. Upande mmoja wa ringi hauna ukingo wa kudumu. Mahali pake pana pete ya chuma inayokaa kwenye mfereji na kuuzuia mdomo wa tairi usitoke. M35, lori la magurudumu kumi lililobeba mizigo ya jeshi la Marekani tangu miaka ya 1950, lina ringi hizi. Dodge M37 pia. Fundi wa malori wa Dar es Salaam au Nakuru anazijua vizuri pamoja na tyubu yake na flapu, ule mkanda wa mpira unaoikinga tyubu isisuguliwe na chuma.

Hesabu ndogo inaonyesha mzigo unaozuiwa na pete hiyo. Tairi la M35, saizi 9.00-20, lina ubavu wenye eneo linalozidi inchi 700 za mraba. Likijazwa PSI 50, yaani pauni 50 kwa kila inchi ya mraba, ubavu mmoja unasukumwa kwenda nje kwa nguvu ya pauni 35,000, karibu tani 16. Lori lenyewe, tupu, lina takriban tani 6. Sehemu kubwa ya msukumo huo huishia kwenye mdomo wa tairi, na mdomo umeegemea pete. Pete ikiwa imeingia sawasawa mfereji wake, msukumo unazidi kuikaza. Ikiwa imekaa nusunusu, au mfereji umeliwa na kutu, msukumo uleule ndio utakaoirusha, na hakuna binadamu aliyewahi kuikwepa kwa wepesi wa miguu.

Vifo vya mafundi ndivyo vilivyoifanya mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, kutoa kanuni maalumu ya ringi za vipande mwaka 1980. Mwaka 1984 kanuni hiyo ilipanuliwa ikazigusa pia ringi za kipande kimoja za magari makubwa. Mengi ya yanayofuata yametoka humo au katika vitabu vya jeshi lenyewe, ambavyo ni mali ya umma na vinapatikana bure mtandaoni: TM 9-803 kwa Jeep ya vita, na mfululizo wa TM 9-2320-280 kwa Humvee. Mnunuzi angefanya vizuri kuchapa kurasa za magurudumu kabla hata hajalipia gari.

Kabla ya spana

Mtu anapochuchumaa mbele ya gurudumu la Humvee anaona maduara mawili ya nati. Duara dogo la katikati linatoa gurudumu kwenye gari. Duara kubwa la nje linaifungua ringi yenyewe. Akianza na la nje huku tairi limejaa, nati za kwanza zitatoka kimya kimya na mzigo utahamia kwenye zilizobaki, hadi zikatike zote kwa mpigo. Hapo nusu ya nje ya ringi inamjia usoni. Kosa hili halihitaji ujinga. Linahitaji giza, haraka na fundi aliyezoea gari lingine.

Kwa hiyo upepo utolewe kwanza. Kuibonyeza vali kwa msumari hadi mlio ufifie hakutoshi. Pini ya vali ifunguliwe na itolewe kabisa, kisha waya mwembamba upitishwe ndani ya vali kuhakikisha hakuna barafu, tope wala kipande cha mpira kilichoziba njia. Tairi linaweza kuacha kutoa sauti huku bado limebeba upepo wa kutosha kuua. Kwa M35 na malori mengine yenye matairi pacha nyuma, upepo utolewe kwenye matairi yote mawili kabla ya kulegeza nati hata moja, maana ringi ya ndani ikiwa na ufa, pengine nati hizo ndizo pekee zinazoishika isifumuke.

Kwenye Humvee kuna la ziada. Bangili ya mpira iliyo ndani ya tairi huwa imeminywa kati ya nusu mbili za ringi, kwa hiyo hata upepo ukiisha kuna nguvu inayozisukuma nusu hizo ziachane. Nati za duara la nje zilegezwe kidogo kidogo, kwa zamu, upande huu na upande ulioelekeana nao. Wakati wa kufunga, pete ya mpira inayoziba mwanya wa nusu mbili iwe mpya, na nusu zigusane chuma kwa chuma pande zote kabla upepo haujaingia. Mwanya unaoonekana kwa jicho maana yake kazi haijaisha.

Kanuni ya OSHA ina kigezo kimoja kinachofaa kukaririwa: tairi lililotembea na asilimia 80 au chini ya upepo wake wa kawaida halijazwi likiwa kwenye gari. Linatolewa upepo wote, linashushwa, linafunguliwa na kukaguliwa. Sababu ni kwamba tairi lililopungukiwa hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata joto, na nyuzi zake, hasa zile za chuma kwenye matairi ya radial, huchoka na kukatika moja moja bila kuonekana kwa nje. Tairi likija kujazwa tena, ubavu unachanika kwa mstari mrefu kama zipu. Dereva aliyeingia karakana na tairi laini, akataka liongezwe upepo haraka aendelee na safari, anamwomba fundi acheze na hatari hiyo.

Msomaji aliyewahi kuendesha kwenye mchanga atauliza: na wale wanaopunguza upepo kwa makusudi? Swali ni la haki. Jeshi lenyewe limefanya hivyo tangu Vita vya Pili vya Dunia, ambapo lori la majini la DUKW lilimwezesha dereva kupunguza na kuongeza upepo akiwa kwenye kiti chake. Tofauti iko kwenye mwendo na kwenye ringi. Tairi lililopunguzwa upepo likatambaa polepole ufukweni halijapata joto la tairi lililokimbizwa lami kilomita 40 likiwa nusu tupu. Lakini kwenye ringi ya pete, kupunguza sana ni kuialika pete ihame mahali pake, na tyubu nayo huzunguka ndani ya tairi hadi ikang'oa shina la vali. Mwenye M35 ya ringi za pete na apunguze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lake, asishuke chini ya hapo, na anapojaza tena asimame mbali na uso wa gurudumu, akiisha kuikagua pete mzunguko wote.

Kujaza

Ringi ya pete ijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Kizimba kizuri kimeundwa kuhimili mlipuko wa upepo uliozidi kiwango cha juu cha tairi kwa nusu. Mpira wa kompresa uwe mrefu, angalau mita 3, wenye kichwa kinachojishika chenyewe kwenye vali na geji karibu na mkono wa fundi, ili fundi awe pembeni, si mbele wala nyuma ya gurudumu.

Mbinu za barabarani za kukwepa kizimba ni nyingi, na nyingi hazifai. Kulilaza gurudumu pete ikitazama chini si kinga: pete inaposukuma ardhi, gurudumu zima ndilo linaloruka juu, na mara nyingi fundi ameliinamia. Kuliegemeza ukutani ni nusu ya kinga kwa anayesimama upande sahihi, na hakuna kinga kwa mtoto anayepita upande mwingine. Minyororo iliyozungushwa ni afadhali kuliko mikono mitupu, lakini kanuni haiitambui kama mbadala wa kizimba, na haki iko kwa kanuni.

Kabla ya kufunga, kila sehemu ipigwe brashi ya waya hadi chuma kionekane. Mfereji wa pete ndio uangaliwe kwa tochi: kutu iliyochimba vishimo, ufa, ukingo uliopinda, alama za nyundo. Pete iliyowahi kupinda haikunjuliwi, inatupwa. Pete na ringi zina maandishi ya mtengenezaji na saizi yaliyogongwa kwenye chuma. Pete ya ringi nyingine inaweza kuingia vizuri kabisa kwa macho na isikae kabisa kwa upepo, na magari ya mnada, yaliyounganishwa karakanani kutoka rundo la vipuri, hubeba michanganyiko ya namna hii mara kwa mara. Tyubu na flapu za zamani zisirudishwe kwenye tairi jipya. Tyubu iliyokwisha kutanuka hujikunja ndani na mkunjo ndio utakaotoboka. Mdomo wa tairi upakwe maji mazito ya sabuni au dawa yake. Oili na grisi hula mpira.

Tyubu ijazwe upepo kidogo, utolewe wote ili mikunjo inyooke, kisha ijazwe sasa ndani ya kizimba. Pete isipokaa sawa, upepo utolewe wote na kazi ianze upya. Fundi anayeigonga pete kwa nyundo ili ikae, huku tairi limejaa, anashindana na zile tani 16 zilizohesabiwa hapo juu.

Moto ni sura yake yenyewe. Nati iliyoshikwa na kutu haipashwi kwa gesi tairi likiwa kwenye ringi, na ringi yenye ufa haichomelewi tairi likiwa juu yake, hata kama pini ya vali imetolewa. Mpira ukipata joto ndani hutoa gesi zinazowaka, na mlipuko wake ni mkubwa kuliko wa upepo wa kawaida. Kuna pia ule ujanja wa wapenda mbio za porini wa kupulizia petroli au dawa ya kuwashia injini ndani ya tairi na kuiwasha ili mdomo uruke mahali pake. Video zake zinachekesha. Mkanda wa kubana uliozungushwa kwenye kashata, sabuni ya kutosha na kompresa yenye tangi kubwa hufanya kazi ileile.

Nusu inchi

Humvee ina ringi ya inchi 16.5, saizi iliyokuwa ya kawaida kwenye pikapu za Marekani zamani na ambayo leo matairi yake ni machache. Uhaba huo unazaa wazo: matairi ya inchi 16 yamejaa madukani, na nusu inchi ni nini? Tairi la 16 linaweza kupita ukingo wa ringi ya 16.5. Halitakaa. Kiti cha mdomo kwenye ringi ya 16.5 kimeinama kwa nyuzi 15, cha ringi ya 16 kwa nyuzi 5, kwa hiyo nyaya za mdomo zinalazimishwa kupanda mteremko ambao hazikuundiwa. Fundi anaona mdomo haujakaa, anaongeza upepo. Bado. Anaongeza tena. Nyaya zinakatika, na tairi linalipuka. Watu wamekufa hivyo, na ndiyo maana watengenezaji wa matairi wanalionya kosa hili kwa maandishi kwenye ubavu wa tairi. Saizi isomwe kwenye tairi na kwenye ringi, kila mara, hata kama muuzaji anaapa.

Ringi ya 16.5 ina udhaifu mwingine. Haina kile kigongo kidogo kinachouzuia mdomo usiteleze kuelekea katikati. Kwenye Humvee kazi hiyo inafanywa na bangili ya ndani, inayoubana mdomo kutoka upande wa pili. Wamiliki wengi huitoa bangili kwa sababu gurudumu kamili lina zaidi ya kilo 60 na mgongo unauma. Wakiisha kuitoa, wanaenda mchangani, wanapunguza upepo kama walivyozoea, na kwenye kona ya kwanza tairi linatoka kwenye ringi. Anayetaka wepesi anunue ringi nyingine ya kipande kimoja iliyokadiriwa kwa uzito wa gari lake, ziko sokoni. Kwa Land Rover ni rahisi zaidi, kwani ringi nene za chuma zinazoitwa Wolf, zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza katika miaka ya 1990, ni za kipande kimoja na zinapatikana.

Tairi jipya la zamani

Tairi la gari la mnada linaweza kuwa na kashata zote, vinyweleo vya kiwandani vikiwa bado vimesimama, na likawa limekufa. Magari ya jeshi hukaa. Kilomita ni chache, miaka ni mingi, jua ni lilelile. Mpira huchanganywa na nta inayoukinga dhidi ya ozoni, na nta hiyo hupanda juu pale tairi linapojikunja likitembea. Tairi lililoegeshwa halipati kinga hiyo, likaanza kupasuka nyufa ndogo chini ya kashata na karibu na ringi.

Umri husomwa ubavuni. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na mjadala umekwisha. Namba hiyo mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi upande huo ndio wa ndani, kwa hiyo mkaguzi ajiandae kulala chini ya gari.

Uingereza ilijifunza hili kwa msiba. Septemba 2012 basi lililokuwa likirejesha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, Surrey, likagonga mti. Watu watatu walifariki. Tairi lilikuwa na miaka 19, na kashata zake zilikuwa bado halali. Mama wa mmoja wa waliofariki aliendesha kampeni kwa miaka, na tangu tarehe 1 Februari 2021 sheria inakataza tairi lenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi. Mwenye gari la jeshi anaweza kujiwekea sheria hiyohiyo bila kusubiri bunge lake.

Kuna wanaopenda mwonekano wa kale wa tairi la NDT, lile lenye kashata nene zilizopangwa ili zivute sawasawa mbele na nyuma. Kwenye tope linajitahidi. Kwenye lami yenye mvua linateleza. Likiwekwa, liwekwe magurudumu yote, maana kuchanganya tairi la aina hiyo na la radial kwenye ekseli moja ni kulipa gari nia mbili. Mwendo nao uheshimiwe: kibao cha dashibodi ya M35 kinaweka ukomo wa maili 56 kwa saa, yaani kilomita 90, na matairi ya zamani hayapendi hata hiyo kwa muda mrefu.

Jeki, na nati zinazofunguka kinyume

Jeep ya vita, Land Rover za Series na M35 zina breki ya mkono isiyokamata magurudumu. Inakamata propela, nyuma ya giaboksi. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu inaliruhusu la hewani lizunguke upande huu na la chini lizunguke upande ule, huku propela imetulia tuli na breki imevutwa hadi mwisho. Gari linashuka kwenye jeki taratibu, na mwenye kujua breki za gari dogo tu hataelewa limefanyaje. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma kabla ya jeki, na kwa Land Rover na Jeep ekseli ya mbele iunganishwe na gia nzito iingizwe. Gari likishainuka, stendi iwekwe. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake.

Kisha nati. Kwenye Jeep ya vita na M35, upande wa kushoto wa gari hesi zimegeuzwa: nati hufunguliwa kwa kuzungushia kulia, kama saa. Wahandisi walitaka mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Ncha za bolti mara nyingi zina herufi L au R chini ya rangi na kutu. Fundi asiyelijua hilo hufanya alichofanya kila fundi: anaongeza bomba refu kwenye spana, anaita mwenzake, na bolti inakatika. Baya zaidi ni wamiliki waliopita kubadilisha habu au bolti, gari likawa na hesi mchanganyiko, kwa hiyo herufi isomwe gurudumu kwa gurudumu.

Magurudumu pacha ya nyuma ya M35 yana nati mbili kwenye kila bolti. Ya ndani, yenye umbo la kikombe kirefu, inalishika gurudumu la ndani. Ya nje inafungwa juu yake na kulishika la nje. Anayekaza nati za nje peke yake hajaligusa gurudumu la ndani hata kidogo. Ili kukaza ya ndani, ya nje ilegezwe kwanza, ya ndani ikazwe, kisha ya nje irudishwe, bolti moja baada ya nyingine, kwa kuruka upande ulioelekeana na si kwa kufuata duara.

Kukaza kufanywe kwa spana ya toki, kwa kiwango cha kitabu cha gari hilo, hesi zikiwa safi na kavu. Rangi mpya nene chini ya nati, ambayo wauzaji hupenda kuipaka ili gari lipendeze mnadani, hupondeka baada ya mwendo mfupi na kuacha nati imelegea. Ikwanguliwe pale nati inapokaa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 dereva asimame, aache magurudumu yapoe, akaze tena zote, na kwenye pacha za nyuma aanze na zile za ndani.